Ureno kwa Macho ya Hujaji: Kutoka Fatima Hadi Dhahabu ya Kilwa

Ureno ni nchi ndogo iliyo ukingoni mwa Ulaya, upande wa kusini-magharibi, yenye wakazi wapatao milioni 10 na pwani ndefu inayopigwa na mawimbi ya Bahari ya Atlantiki. Watalii wengi huifuata kwa ajili ya jua lake, fukwe zake na samaki wake wa kuchoma. Waamini Wakatoliki huifuata hasa kwa ajili ya Fatima, mahali ambapo Bikira Maria aliwatokea watoto watatu wachungaji mwaka 1917. Mwezi Agosti 2023 jiji la Lisbon lilikuwa mwenyeji wa Siku ya Vijana Duniani, na vijana wapatao milioni moja na nusu walishiriki Misa ya kufunga maadhimisho hayo iliyoongozwa na Baba Mtakatifu Fransisko.

Wapo waamini wetu wanaojiwekea akiba kidogo kidogo kwa miaka mingi ili siku moja wafike huko. Makala haya yanalenga kuwasaidia wajue mahali pa kwenda na mambo ya kutafakari wakiwa huko. Yanamhusu pia yule ambaye hatapata nauli ya safari hiyo, kwa maana yale yanayofundishwa na maeneo haya ni mali ya Kanisa zima.

Tofauti ya mtalii na hujaji

Mtalii huenda kuona. Hujaji huenda kukutana. Wote wawili huweza kupanda basi moja na kupiga picha mbele ya altare ile ile, lakini hujaji amekwisha kuanza safari kabla ya kuondoka nyumbani: amepatana na jirani yake, amepokea Sakramenti ya Kitubio, amebeba nia za kuombea, zake na za wale waliomtuma. Hujaji hutazama pia kwa unyofu. Akikuta utakatifu, humshukuru Mungu. Akikuta dhambi katika historia ya mahali hapo, haigeuzii kisogo. Ureno ina vyote viwili, na sehemu ya historia hiyo inatugusa sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja.

Fatima: watoto watatu na rozari

Fatima ipo kilometa zipatazo 125 kaskazini mwa Lisbon. Tarehe 13 Mei 1917, katika bonde la malisho liitwalo Cova da Iria, Lucia dos Santos aliyekuwa na umri wa miaka 10, na binamu zake Francisco Marto wa miaka 8 na Jacinta Marto wa miaka 7, walimwona Bibi aliyeng'aa kuliko jua. Aliwaomba warudi mahali pale kila tarehe 13 ya mwezi, na akawahimiza kusali rozari kila siku ili dunia ipate amani. Mwezi Agosti watoto hao walizuiliwa na mkuu wa serikali ya wilaya, wakatishwa ili wakane waliyoyaona, wasikane. Tarehe 13 Oktoba, mbele ya umati mkubwa uliokuwa umelowa mvua, likatokea lile tukio linalokumbukwa kama muujiza wa jua.

Inafaa kukumbuka hali ya dunia wakati huo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiteketeza maisha ya watu Ulaya, na Ureno ilikuwa imepeleka askari wake Ufaransa. Vita hiyo haikuishia huko. Kando ya mto Ruvuma majeshi ya Ureno na ya Ujerumani yalipigana yakiwatumia maelfu ya wapagazi Waafrika, ambao wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi. Bibi wa Fatima alipoomba sala kwa ajili ya amani, alikuwa akiziombea pia familia za Newala na za ng'ambo ya Ruvuma, ingawa watoto wale hawakujua hata majina ya sehemu hizo.

Francisco alifariki dunia mwaka 1919 na Jacinta mwaka 1920, wote wawili kutokana na homa kali ya mafua iliyoenea duniani mwishoni mwa vita na baada yake. Lucia alikuwa mtawa Mkarmeli, akaishi hadi mwaka 2005. Askofu wa Leiria alitangaza mwaka 1930 kwamba matokeo hayo yanastahili kusadikiwa. Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyepigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, sikukuu ya Bibi wa Fatima, aliamini kwamba mkono wa Mama ndio uliomwokoa. Risasi hiyo leo imo ndani ya taji la sanamu ya Bikira Maria huko Fatima. Tarehe 13 Mei 2017, miaka 100 kamili tangu tokeo la kwanza, Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza Francisco na Jacinta kuwa watakatifu.

Hujaji aanzie kwenye kikanisa kidogo cha Matokeo, kilichojengwa mwaka 1919 mahali hasa walipokuwa watoto. Kikanisa hicho kiliwahi kulipuliwa kwa baruti mwaka 1922 na watu waliolichukia Kanisa, kikajengwa upya. Kisha aende katika Basilika ya Bibi wa Rozari yalipo makaburi ya watoto wote watatu, na katika Basilika ya Utatu Mtakatifu iliyotabarukiwa mwaka 2007, ambayo huchukua watu zaidi ya 8,000. Jioni mahujaji hushika mishumaa na kusali rozari kwa lugha mbalimbali. Asiyeijua lugha ya jirani yake huijua sala yake. Asiache pia kutembea hadi kijiji cha Aljustrel, aone nyumba za watoto hao zilivyokuwa ndogo na za kimaskini.

Kanisa linafundisha kwamba matokeo ya namna hii hayaongezi kitu katika Ufunuo uliokamilika katika Kristo. Hutusaidia tu kuuishi kikamilifu zaidi katika kipindi fulani cha historia. Anayekwenda Fatima akitafuta siri na tarehe za mwisho wa dunia atarudi mikono mitupu. Ujumbe wake ni toba, sala na sadaka kwa ajili ya wakosefu.

Lisbon: mahali alipozaliwa Antoni wa Padua

Wengi wetu tunamjua Mtakatifu Antoni wa Padua, na wengi tumemwomba atusaidie kupata vitu vilivyopotea. Pengine hatujui kwamba hakuwa mtu wa Padua. Alizaliwa Lisbon mnamo mwaka 1195, akabatizwa kwa jina la Fernando. Karibu na kanisa kuu la jimbo lipo kanisa lake, na chini yake kuna chumba kidogo ambacho mapokeo yanasema ndipo alipozaliwa.

Fernando alijiunga kwanza na Shirika la Mtakatifu Augustino. Mwaka 1220 ililetwa Coimbra miili ya Wafransiskani watano waliouawa Moroko kwa ajili ya imani. Kijana huyo aliguswa mno, akajiunga na Wafransiskani, akachukua jina la Antoni, akapanda merikebu kwenda Moroko ili naye ayatoe maisha yake. Akaugua huko, alipokuwa akirudi, upepo ukaisukuma merikebu yake hadi Sicilia. Hakuufia ushahidi alioutamani. Akawa mhubiri, akafa karibu na Padua mwaka 1231, na chini ya mwaka mmoja baadaye akatangazwa mtakatifu. Mwaka 1946 Papa Pius XII alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Kila anayeona mipango yake imevunjika anaweza kupiga magoti katika chumba kile na kumkumbuka mtu aliyekusudia kwenda Afrika, Mungu akampeleka Italia.

Mtaa wa pili kutoka hapo hadi pwani ya mto Tejo, hujaji ataona jinsi jiji lilivyojengwa upya. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, waamini wakiwa makanisani, tetemeko kubwa la ardhi liliangusha Lisbon. Likafuatiwa na mawimbi ya bahari na moto. Kanisa la Wakarmeli liliachwa bila paa hadi leo liwe ukumbusho.

Kanisa la Mtakatifu Dominiko lililo katikati ya jiji lina makovu ya namna nyingine. Kuta na nguzo zake zimeachwa na alama za moto ulioliunguza mwaka 1959. Lakini lina jeraha la zamani zaidi. Mwezi Aprili 1506 kutoka kanisa hili ilianza ghasia iliyoua mamia ya Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa, na katika uwanja wa mbele lipo jiwe la kuwakumbuka. Kanisa hili hili lilikuwa pia makao ya chama cha kitume cha Bibi wa Rozari cha Waafrika, wengi wao watumwa, ambao walipata hapo mahali pa kusali, kuzikana kwa heshima na kusaidiana kupata uhuru. Kuta zile zile zilishuhudia chuki ya wabatizwa na uvumilivu wa wabatizwa.

Belém na dhahabu ya Kilwa

Magharibi mwa jiji, kando ya mto Tejo, ipo sehemu iitwayo Belém, yaani Bethlehemu. Hapo ndipo yalipo majengo yanayotembelewa kuliko yote nchini: mnara wa Belém na monasteri ya Wajeronimo, iliyoanza kujengwa mwaka 1501 kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza. Ndani ya kanisa la monasteri limo kaburi la Vasco da Gama. Mtoto wa shule wa Afrika Mashariki anamjua mtu huyu. Alifika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498, na nguzo aliyoisimamisha Malindi ipo hadi leo. Mfalme wa Malindi alimpokea vizuri na kumpa rubani wa kumwongoza hadi India. Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri naye alitia nanga Malindi akielekea huko huko.

Lakini hujaji kutoka kwetu asiondoke Lisbon kabla ya kufika katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Humo inatunzwa monstransi iitwayo monstransi ya Belém, iliyotengenezwa na sonara Gil Vicente na kukamilika mwaka 1506. Ni kazi ya mikono ya kustaajabisha. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka nafasi ya Hostia Takatifu. Juu yao ananing'inia njiwa, ishara ya Roho Mtakatifu. Na juu kabisa ameketi Mungu Baba. Vazi la kila mtume limetiwa rangi, na kila uso una sura yake.

Chini yake pana maandishi yanayoeleza ilivyopatikana dhahabu hiyo: Mfalme Manuel aliagiza itengenezwe kwa dhahabu na kodi ya Kilwa.

Hiyo ni Kilwa yetu, Kilwa Kisiwani. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi katika pwani yetu akiwa na merikebu nyingi zenye mizinga. Alitishia kuiteketeza Kilwa, akamlazimisha mtawala wake akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kumlipa dhahabu. Dhahabu hiyo ilikuwa imetoka bara, katika nchi za kusini mwa mto Zambezi, na kupitia Sofala hadi mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa, kisha akaichoma moto Mombasa. Kwa hiyo chombo kilichotengenezwa ili kumweka Mwokozi wa ulimwengu kati ya watu wake kilitokana na mali iliyotolewa chini ya mdomo wa mzinga.

Mkatoliki wa pwani yetu afanye nini mbele ya chombo hicho? Wengine watasema: ni mambo ya kale, tutazame uzuri wake tu. Wengine watasema: hii inaonyesha kwamba imani yenyewe ililetwa kwa wizi, tuiache. Njia zote mbili ni fupi mno. Maandiko Matakatifu yanatupa njia iliyo ndefu na ya kweli zaidi. Nabii Isaya, katika sura ya 61, anasema kwamba Mungu hupenda haki na huchukia unyang'anyi hata unapoletwa kama sadaka. Yoshua bin Sira, katika sura ya 34, anamfananisha mtu anayetoa sadaka kwa mali ya maskini na mtu anayemchinja mtoto mbele ya baba yake. Maneno hayo ya Sira ndiyo yaliyomgeuza padri Bartolomé de las Casas mwaka 1514 huko Kuba, akawaacha huru Wahindi aliokuwa amegawiwa kama vibarua wa lazima, na tangu hapo akawa mtetezi wao. Chombo cha kumhukumu mnyang'anyi, basi, kimo ndani ya imani yenyewe. Mamajusi walileta dhahabu Bethlehemu kwa hiari yao. Dhahabu iliyofika Belém ya Lisbon haikuletwa hivyo, na Mtoto wa horini anaijua tofauti hiyo.

Kanisa halikunyamaza juu ya majeraha ya namna hii. Mwaka 1992, katika kisiwa cha Gorée nchini Senegali, Mtakatifu Yohane Paulo II aliomba msamaha kwa dhambi ya Wakristo walioshiriki biashara ya watumwa. Anayefika Lagos, mji wa pwani ya kusini unaopendwa na watalii kwa fukwe zake, atakuta jengo la makumbusho ya soko la watumwa. Katika mji huo, mwezi Agosti 1444, Waafrika 235 walishushwa kutoka merikebuni na kugawanywa mbele ya mwana wa mfalme, Henrique, mama akitengwa na mwanawe. Sala fupi ya kuwaombea marehemu hao inafaa kutangulia kuogelea.

Nasi pia tujichunguze. Je, hakuna dhahabu ya Kilwa katika sadaka zetu? Mtu anayemdhulumu mjane shamba, anayemnyima mfanyakazi wa ndani mshahara wake, au anayekula fedha za zahanati ya kijiji, kisha akachangia vigae vya kanisa na kushangiliwa kwa vigelegele, anarudia kosa la mwaka 1506 katika parokia yake. Kabla ya kupokea mchango, Mungu humtazama aliyenyang'anywa.

Santarém, Coimbra, Nazaré na Braga

Njiani kati ya Lisbon na Fatima upo mji wa Santarém, unaotunza kumbukumbu ya muujiza wa Ekaristi wa karne ya 13. Mapokeo yanasimulia kwamba mwanamke mmoja aliyeteswa na uzinzi wa mumewe alikwenda kwa mganga, naye akamwagiza amletee Hostia iliyogeuzwa. Mwanamke alikomunika, akaitoa Hostia mdomoni na kuifunga katika shela. Damu ikaanza kutiririka. Kwa hofu aliificha sandukuni nyumbani, na usiku sanduku likatoa mwanga. Mume na mke wakapiga magoti pamoja hadi asubuhi, ndipo wakamwita padri. Simulizi hili halihitaji tafsiri kwa watu wetu. Ndoa zenye maumivu bado zinawapeleka wengi kwa waganga, ilhali tabenakulo ipo karibu.

Coimbra, mji wenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1290, ndiko lilipo kaburi la Mtakatifu Elizabeti, malkia wa Ureno, aliyefariki dunia mwaka 1336. Alihudumia maskini na kusimama kati ya mume wake, Mfalme Dinis, na mwana wao walipokuwa tayari kupigana vita. Huyu ni msimamizi mwema kwa familia zinazogombania urithi.

Nazaré ni mji wa wavuvi, na juu ya jabali lake lipo kanisa la Bibi wa Nazareti. Wakati wa majira ya baridi mawimbi ya hapo huweza kuzidi mita 20, na hujaji atawaelewa wanawake waliokuwa wakiwaombea waume zao baharini. Kaskazini kabisa, mjini Braga, hekalu la Yesu Mwema wa Mlimani lina ngazi ndefu zinazopandwa kwa kutafakari Njia ya Msalaba. Wazee na wagonjwa wapo huru kutumia gari la reli linaloendeshwa kwa uzito wa maji tangu mwaka 1882.

Maandalizi ya safari

Ureno ipo katika eneo la Schengen. Maombi ya viza huweza kupelekwa hadi miezi 6 kabla ya safari, na ni busara kutosubiri wiki za mwisho. Asafiriye kwa kikundi ahakikishe wakala anafahamika na paroko au ofisi ya jimbo kabla ya kutoa fedha. Kutoka Lisbon hadi Fatima panda basi; ni mwendo wa takriban saa moja na nusu. Usidanganywe na jina la kituo cha treni kiitwacho Fatima, kwa kuwa kipo mbali na patakatifu kwa kilometa zipatazo 20. Tarehe 12 na 13 za Mei na za Oktoba umati ni mkubwa sana. Anayetaka utulivu achague siku nyingine. Miezi ya Julai na Agosti jua ni kali, hivyo chukua kofia na maji, na mavazi ya staha ya kuingilia kanisani.

Kwa asiye na nauli

Mama mjane anayesali rozari jioni katika jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, akiombea amani na wongofu wa wakosefu, ametimiza kile alichoombwa Lucia. Wala Mungu hakutunyima patakatifu karibu yetu: Namugongo nchini Uganda, Kibeho nchini Rwanda, Subukia nchini Kenya, Bagamoyo nchini Tanzania. Tunaweza pia kwenda Kilwa Kisiwani, kusimama kati ya magofu yake, na kuwaombea waliodhulumiwa na waliodhulumu.

Kwa wale wanaojiandaa kwenda Ureno, tunawatakia safari njema. Wabebeni nasi katika nia zenu. Na mtakapofika mbele ya ile monstransi, msione haya kuwa watu wa pwani ile ilikotoka dhahabu yake. Salini kwamba kila sadaka inayowekwa altareni, huko na huku kwetu, itoke katika mikono safi.

Bibi wa Fatima, Malkia wa Amani, utuombee.